Mandera hadi Wilson, Saa Moja na Dakika Hamsini

29 Aprili, Jumanne

Naanza kuandika leo kwa sababu katika mji huu wa Mandera hakuna mtu ninayeweza kumfokea bila kuonekana mwalimu asiye na adabu. Daftari nitalifokea nipendavyo.

Hinda amechaguliwa. Garissa, Wajir na Mandera zote zimetoa mtu mmoja tu wa kwenda Nairobi kughani shairi katika shindano la taifa, na mtu huyo ni Hinda wangu wa kidato cha tatu, aliyekuja shuleni akiwa na Kiswahili cha kununulia sukari. Shairi kalitunga mwenyewe. Linaitwa "Mbali na Nani". Shindano ni tarehe ishirini na mbili Mei, Alhamisi.

Nimempigia simu Bi. Caro, mratibu wa shindano, nikamwomba tupokewe siku mbili mapema kwa sababu mvua zimeanza na huku mvua ikianza hujui itakufungia wapi. Nikasikia anabofya-bofya kitu.

"Aki mwalimu, si nimeangalia sasa hivi? Mandera hadi Wilson ni kilomita mia nane na kitu. Saa moja na dakika hamsini! Watu wa Kisumu wakija kwa basi watachoka kuliko nyinyi. Njooni tu asubuhi ya shindano. Usajili unafungwa saa nane mchana."

"Na barabara ikikatika?"

"Barabara ya nini, mwalimu, na kuna ndege?"

Nilikata simu kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi. Mtu ameketi Nairobi, amepiga mstari kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, na katika mstari huo hakuna tope wala wingu. Wala hakuna kampuni ya ndege inayoamka na kuamua kwamba leo hairuki.

30 Aprili

Mvua usiku kucha. Paa la nyumba ya walimu linavuja palepale pa mwaka jana.

2 Mei, Ijumaa

Babake Hinda amekuja. Anaitwa Olow, mfugaji wa ngamia upande wa Rhamu. Ni mrefu, ndevu amezipaka hina, na anapokusikiliza hukutazama miguu. Alikuja na Sheikh Abdilatif wa msikiti ulio karibu na shule, tukaketi ofisini kwa mwalimu mkuu, Bwana Mohamednoor.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kipaji cha bintiye. Nilikuwa hata na kinasa sauti kwenye simu ili amsikie. Hakuuliza habari za shairi. Aliuliza jambo moja tu, kwa Kiswahili chake ambacho p mara nyingi hugeuka b.

"Mwalimu, hiyo safari ni ya saa ngabi?"

Mtoto amewashinda watoto wa kaunti tatu, na baba anauliza saa! Bwana Mohamednoor akanieleza taratibu: msichana hasafiri safari ndefu bila mahram, yaani baba, kaka au mjomba wake. Kaka zake Hinda wako Ethiopia na mifugo, na Olow mwenyewe hawezi kuacha ngamia msimu huu wa kuzaa. Kwa hiyo linalotakiwa kujulikana ni kama hii ni safari hasa au ni mwendo mfupi. Kwa barabara ni siku mbili au tatu, hapo hakuna mjadala. Kwa ndege je?

Basi nikajikuta nasema, kwa sauti ya Bi. Caro kabisa, "Saa moja na dakika hamsini."

Sheikh akafikiri. Akasema huko ni karibu kuliko kwenda kuchota maji wakati wa kiangazi, na kwamba kama yuko na mwanamke mwaminifu, naye ni mimi, na kama ataondoka baada ya swala ya alfajiri na kufika kabla ya adhuhuri, yeye haoni ubaya. Olow akasema, "Nimekubali. Aondoke baada ya subhi, afike kabla ya adhuhuri." Akaondoka bila kuliangalia kombe lililoko mezani, ambalo bintiye aliiletea shule.

Nilifurahi kwa sababu ya Hinda. Kwake yeye Olow nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

6 Mei

Mvua. Laga, lile korongo kavu la kuelekea Rhamu, imejaa maji, lori limezama hadi dirishani. Watu wametoka salama.

9 Mei, Ijumaa

Vitabu vya Kiswahili vya kidato cha tatu vimekwama njiani, Elwak, tangu mwezi uliopita. Gari haliwezi kupita. Nimeandika ubeti mzima ubaoni mara nne leo kwa sababu wanafunzi wanne wanatumia kitabu kimoja, na mmoja wao daima yuko upande ambao kitabu kimegeuzwa.

Na asubuhi hiyohiyo, kabla sijanywa chai, nasikia ndege. Ndege ya miraa. Inatoka Wilson alfajiri, imejaa magunia kuanzia mlangoni hadi mkiani, inatua saa tatu. Mvua inyeshe, isinyeshe. Miraa ikilala hakuna anayeinunua, kwa hiyo miraa hailali. Vitabu vinaweza kulala mwezi mzima Elwak, hakuna atakayesema vimechacha.

Wakala wa miraa ni jirani yangu, Koome, Mmeru wa Maua. Tunachangia ukuta. Kila siku hupita mbio na pikipiki akipiga kelele kwenye simu, na akinikuta mlangoni husema, "Madam, mzigo umefika!" utadhani nimeagiza. Mimi humjibu kwa kufunga mlango.

12 Mei

Hinda ameghani leo mbele ya shule nzima. Watoto walinyamaza, hata wale wa nyuma. Nilipomwambia ameanza haraka mno, alisema, "Ticha, nikianza bolebole naogopa, nikianza haraka woga inabaki nyuma." Nimemwacha aanze haraka.

14 Mei

Mvua. Vitabu bado viko Elwak.

16 Mei, Ijumaa

Nilijua. Nilijua tangu siku ile!

Kampuni ya ndege imeahirisha safari zote za abiria hadi mvua ipungue. Kijana wa ofisini ametangaza huku akila ndizi. Nikamuuliza mvua itapungua lini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa siku ya kiama. Tutarudishiwa nauli, akasema. Nani amemwambia nataka nauli? Nataka viti viwili siku ya Alhamisi.

Nikampigia Bi. Caro. Nilimsihi amruhusu Hinda aghani kwa simu, au kwa video, au apangiwe siku ya pili. Hakuna siku ya pili. Kanuni hairuhusu simu. "Lakini mwalimu, mbona mnajitia shida? Ni saa moja na dakika hamsini tu."

Nilimwambia kuwa asipoacha kunitajia hizo dakika, nitazichukua zote na kumlisha. Akacheka. Alidhani ni utani wa walimu wa Kiswahili.

18 Mei, Jumapili

Koome amebisha mlango. Nikafungua kidogo.

"Madam, nimesikia kuhusu huyo msichana. Ndege yangu si hurudi? Inarudi na nyama ya ngamia ya watu wa hoteli za Nairobi, na viti kadhaa vya mbele. Alhamisi nimekushikia viwili. Inatua saa tatu, inaruka tatu na nusu, saa sita haijafika mko Wilson. Hiyo haichelewagi."

Mtu niliyemfungia mlango mwaka mzima! Nikamkaribisha chai, akakataa, ana simu za kupiga.

Nikaenda mbio kwa Bwana Mohamednoor. Akasema vizuri, lakini ruhusa aliyotoa babake ilikuwa ya ndege ile nyingine, lazima aulizwe tena. Tukampigia Olow. Simu ilikatika mara tatu, ya nne ikashika.

"Ndege ya nani?" akauliza.

"Ya miraa," akasema mwalimu mkuu, maana hakuna namna ya kulizunguka hilo.

"Binti yangu habandi ndege ya miraa." Na laini ikakatika, au ameikata yeye.

Haya, nieleze nani ana haki ya kufanya hivi. Saa alizotaka zipo. Mwanamke mwaminifu yupo. Subhi na adhuhuri ziko mahali pake. Sasa tatizo ni mzigo uliokaa ndani ya ndege kabla yetu! Kwani miraa itamng'ata? Sisi tutaingia ikiwa imeshashushwa. Nimefundisha huku miaka sita, nimezoea joto, nimezoea kusafiri nikiwa na hofu barabarani, nimezoea mamangu kule Mwingi kuniuliza kila wiki lini nitarudi. Kitu kimoja sijakizoea, mtoto kufungiwa njia na mtu anayempenda. Maana nasikia anampenda. Hinda ananiambia kila mwezi babake humletea maziwa ya ngamia mwenyewe, hamtumi mtu. Basi huo ni upendo wa aina gani, unaoishia kwenye kidumu cha maziwa?

19 Mei

Nilimwambia Bwana Mohamednoor kwamba nitamchukua Hinda na kupanda naye, baba atapewa habari tukifika. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Abaayo, dada yangu, ukimchukua bila babake, yeye atafika Nairobi. Lakini mwaka ujao hakuna baba atakayeleta binti katika shule hii. Nina wasichana mia mbili. Nikuachie mmoja nipoteze hao wote?"

Najua anasema kweli, na hilo limeniudhi zaidi. Tumempigia Olow mara nyingi, hapatikani. Hinda anafanya mazoezi nyuma ya bweni kana kwamba hakuna kilichobadilika. "Aabo amesema neno lake," ananiambia kuhusu babake, kisha anaendelea na ubeti wa tatu.

21 Mei

Hapatikani. Mvua.

22 Mei, Alhamisi

Nitaandika yote, hata kama taa itazimika.

Hinda aliomba twende uwanja wa ndege. "Kama Aabo atasema ndiyo dakika ya mwisho, nikiwa bweni itanifaa nini?" Bwana Mohamednoor akakubali, akatupeleka mwenyewe kwa gari lake, na tukaahidiana kwamba mlango wa ndege ukifungwa bila neno la babake, tunarudi shule.

Ndege ikatua saa tatu, kama Koome alivyosema. Mikokoteni, pikipiki, kelele, magunia yakishuka na kukimbizwa sokoni. Haikuchukua muda ikawa tupu. Nyama ikapakiwa. Rubani akatupima sote kwenye mizani ileile ya magunia, mimi nikasoma kilo zangu mbele ya umma wa Mandera. Bwana Mohamednoor anapiga simu, hapatikani. Koome anamwambia rubani, "Dakika mbili, bosi." Mara tatu alimwambia dakika mbili.

Ndipo nikamwona. Alikuwa akija kwa miguu kutoka upande wa lango, amelowa hadi kiunoni, viatu mkononi. Nilijua amekuja kumchukua. Nikasimama mbele ya Hinda. Sijui nilitaka kufanya nini, lakini nilisimama.

Olow alinisalimu. Halafu akasema, tena safari hii akinitazama usoni, "Mwalimu, laga imenizuia siku mbili. Leo nimevuka. Mimi nilisema mbele ya sheikh ataenda. Mimi si mtu ya kubadilisha maneno."

"Lakini ulikataa!"

"Nilisema habandi ndege ya miraa. Ndugu yangu amekula ngamia yetu yote kwa hiyo miraa, mmoja mmoja, mpaka akabaki na kamba. Watoto wake mimi ndiye nalisha. Hinda akienda na hiyo ndege peke yake, watu watasema binti ya Olow naye amebebwa na miraa. Akienda na mimi, watasema Olow. Mimi waseme."

Na ngamia? Amewaacha kwa jirani, msimu wa kuzaa, jambo ambalo mwezi huu mzima alisema haliwezekani.

Viti vilikuwa viwili. Koome alijaribu kuomba cha tatu, rubani akatikisa kichwa, uzito umeshapigiwa hesabu na abiria wengine wamelipa. Sikuhitaji kufikiri sana. Nilimwachia changu. Nilimpa Olow simu yangu ndogo ya pili, maana ya kwake ilikuwa imelowa, na nikamwandikia Hinda namba ya Bi. Caro kwenye kiganja. Olow alipanda akiwa ameshika kanzu isiguse sakafu, ambako majani mawili matatu ya miraa yalikuwa yamebaki. Hinda alinipungia mkono dirishani. Mlango ukafungwa.

Nililia hadharani. Koome alinipa soda.

Saa tano na nusu simu ikaita. "Mwalimu, tumefika. Adhuhuri bado," akasema Olow. "Hiyo dakika hamsini ni kweli. Nimehesabu." Nikapumua. Niliwaambia wachukue teksi, ukumbi uko upande wa pili wa jiji, muda upo tele.

Tele! Nairobi nayo ilikuwa imenyeshewa. Saa sita wako barabarani. Saa saba wako palepale, Olow ananiambia ameswali kando ya gari na aliporudi gari halijasogea. Saa nane, saa ya kufunga usajili, wanaona paa la ukumbi lakini maji yamejaa chini ya daraja. Walishuka, wakavua viatu, baba akavuka laga ya pili siku hiyohiyo, safari hii katikati ya jiji, bintiye nyuma yake.

Walifika karibu saa tisa. Bi. Caro alikuwa mlangoni. Nilimsikia kwa simu, maana Olow aliniweka hewani kwa spika bila kuniambia.

"Pole sana, mzee, usajili ulifungwa. Mlikuwa na mwezi mzima, na ni saa moja na dakika hamsini tu..."

"Bi. Caro!" nikapiga kelele, nadhani Mandera nzima ilinisikia. "Hizo zimekwisha! Walitua kabla ya saa sita! Kutoka hapo walipotua hadi hapo uliposimama ni kilomita ngapi? Angalia kwenye simu yako, unisomee!"

Nikasikia anabofya-bofya. Kisha nikamsikia Olow, polepole, bila hasira hata kidogo. "Mama, mimi sielewi karatasi yako. Binti yangu amekuja kusema maneno. Atasema hapa."

Na Hinda akaanza. Hapo hapo mlangoni, haraka, ili woga ubaki nyuma.

Wasema Mandera mbali, wasemao hawaoni,
Kwani mbali ni mahali, ama ni neno moyoni?
Nilipo mimi si mbali, nipo kwetu uwanjani,
Nauliza hili swali: tu mbali, mbali na nani?

Beti zote saba. Katikati nikasikia viti vinaburutwa na vikombe vinawekwa mezani. Majaji walikuwa kwenye chai. Mwisho watu walipiga makofi, wengi kuliko nilivyotarajia, na makofi yakaendelea. Jaji mmoja alisikika akisema, "Huyu ni wa wapi?"

Hakupewa alama. Kwenye daftari lao ameandikwa "hakufika kwa wakati". Mtoto ameghani hadi wameacha chai yao ipoe, na wamemwandika hakufika! Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta, kila mara nilikuwa nimeongeza matusi.

23 Mei

Sina sauti. Nimefundisha kwa ishara.

30 Mei

Ndege za abiria bado. Hinda na babake wako kulekule Nairobi, mtaa wa Eastleigh, kwa binamu yao. Vitabu vimefika, nusu vimelowa.

4 Juni, Jumatano

Barabara imefunguka, na kabla ya Idd kila mtu anataka kuwa kwao. Olow amepiga simu kutoka Garissa. Wamepanda basi. Anasema watafika kesho Mungu akipenda, na kwamba basi ni zuri kuliko ndege. Nikashangaa, nikamuuliza kwa nini. "Ndege ilikuwa na kelele, tena fubi. Sikusikia kitu. Kwa basi Hinda ananiambia hiyo shairi, neno moja moja, na mimi nauliza maana."

5 Juni, Alhamisi

Wamefika wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Olow alikuja ofisini na Hinda kurudisha simu yangu, akakataa kiti. Kisha akasimama wima katikati ya chumba, mikono nyuma, na mzee huyu ambaye mwezi uliopita hakutaka hata kulitazama kombe akaghani ubeti wa kwanza wote, bila kukosea. Bwana Mohamednoor alivua miwani. Mimi nilimwomba Olow msamaha. Akauliza msamaha wa nini, nikasema wa mambo niliyoyaandika. Akasema kama yameandikwa Kiswahili hayamdhuru, yeye hajui kusoma.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mwalimu, waambie hao watu wa Nairobi mwaka ujao waje wao. Shindano ifanyike hapa. Si ni saa moja na dakika hamsini?"

Hinda bado alikuwa ameketi kando ya dirisha. Nikachukua simu na kumpigia Bi. Caro papo hapo, nikamweleza pendekezo la Olow neno kwa neno. Alicheka sana, kicheko cha mtu mwenye moyo mzuri.

"Mandera? Aki mwalimu, majaji watakubali kweli? Huko ni mbali sana."

Nikampa Hinda simu, naye akaanza, haraka: "Wasema Mandera mbali..."